Nimesoma saikolojia muhula mmoja, sasa namwona baba yangu mgonjwa

*Shikamoo mama mshauri,*

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma mwaka wa kwanza shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, ila sisi wa ualimu wote lazima tupitie somo la utangulizi wa saikolojia. Wenzangu wengi wanalichukulia kama somo la kujazia, wanakariri handauti usiku wa kuamkia mtihani basi. Mimi nimelipenda. Tulianza na Mjerumani Wilhelm Wundt aliyefungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, tukaja kwa Pavlov na mbwa wake, kisha hatua za makuzi za Piaget. Nilikuwa nakaa kwenye vimbweta nasoma mpaka wenzangu wote wameshaondoka.

Mambo yalibadilika tulipofika mada ya afya ya akili. Mhadhiri aliweka ukutani dalili tisa za sonona: huzuni isiyoisha, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha na nyingine. Akasema mtu akiwa na tano au zaidi kwa muda wa wiki mbili, hapo kuna la kuangalia. Kabla hajamaliza kuzisoma nilikuwa nimeshaandika pembeni mwa daftari: "Baba".

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yake yote ya kazi. Mama alifariki mwaka juzi, na miezi michache baadaye baba akatimiza miaka 60, akastaafu. Zamani alikuwa ananunua gazeti, anakaa nalo barazani na kalamu nyekundu, anasahihisha Kiswahili cha waandishi, mwishoni analipa gazeti zima alama. Sisi watoto tulikuwa tunagombania kuona leo limepata ngapi. Likizo iliyopita nimekuta magazeti yamekunjwa vilevile yalivyotoka dukani, yamepangwa juu ya kabati. Saa tisa usiku nasikia mlango wa uani unafunguliwa, baada ya muda nasikia anafagia. Chakula anaonja tu, anasukuma sahani. Baiskeli yake amempa kijana wa jirani, anasema hana tena pa kwenda nayo. Na tangu tumzike mama sijamwona akilia, hata siku ile kaburini hakulia.

Likizo yote nilikuwa na kadaftari. Naandika amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini. Jioni moja akanikuta naandika, akauliza, "Unaandika nini mwanangu?" Nikasema kazi ya chuo. Akaitikia "haya", akaingia ndani. Baba yangu ninayemjua angetaka kuiona hiyo kazi.

Sasa kweli imekuja kazi ya chuo. Mhadhiri ametutaka kila mmoja achague mtu anayemfahamu kwa karibu, aeleze tabia yake kwa kutumia nadharia mbili tulizosoma. Ina alama 20, na somo hili sitaki sapu, yaani kurudia mtihani. Maelezo yote ya baba ninayo tayari. Rafiki yangu anasema nibadilishe tu jina, nani atajua?

Nilimgusia kaka yangu mkubwa, yupo Mwanza, nikamwambia baba ana sonona. Akakasirika. "Hujamaliza hata mwaka wa kwanza umeshaanza kuwagawia watu magonjwa? Mzee amefiwa, amestaafu, mwache apumzike." Shangazi yetu anayeishi jirani na nyumbani anasema baba apelekwe kwenye maombi. Anayeishi naye ni mdogo wetu wa kidato cha pili, na yeye hasemi kitu.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Niliporudi hosteli nilijipima na mimi, nikapata tano. Chumbani wananiita "Dokta", kwa sababu kila mmoja nimeshampatia lake. Siku hizi mtu akinisimulia shida yake, kabla hajafika mwisho kichwani nimeshamtafutia jina la ugonjwa.

Mama, nimwambie baba ninachofikiri? Nimwandike kwenye kazi yangu? Au kaka yuko sahihi, ninyamaze nisome kwanza mpaka nijue?

*Binti wa Mwalimu*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Naanza na pole hiyo kwa sababu katika barua yako ndefu nimemwona baba kila mahali, ila wewe mwenyewe umejitaja kidogo mno. Tutarudi hapo.

Ninavyokuelewa, umemwona baba yako akibadilika, na mabadiliko hayo yanakuumiza. Wakati huohuo somo ulilolipenda limekupatia jina la kuyaita, na mhadhiri amekupa sababu ya kuyaandika. Ukisema, unaogopa kumvunjia mzee heshima na kugombana na kaka yako. Ukinyamaza, unaogopa kuwa umemwona anazama ukageuza uso. Hofu zote mbili zina msingi, na sioni kama upo upande mmoja ulio salama kabisa.

Kabla ya chuo na alama zake, tuzungumze kuhusu baiskeli. Mtu mzima kumpa kijana wa jirani baiskeli inaweza kuwa ni ukarimu tu: goti linamsumbua, shule aliyokuwa akiiendea haipo tena katika ratiba yake, kwa nini chuma kioze? Lakini mtu anayegawa vitu vyake vya thamani huku hali chakula, halali usingizi na anasema hana pa kwenda, ni vizuri aulizwe waziwazi kama anafikiria kufa au kujidhuru. Najua kwetu swali hilo linaonekana kama kuita balaa nyumbani. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili hazijaonyesha kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo hilo, na wengi waliokuwa nalo huona nafuu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Si lazima uwe wewe. Anaweza kuwa kaka yako, au mwalimu mwenzake wa zamani anayeheshimiana naye. Akijibu ndiyo, au akijibu kwa namna inayokutia shaka, asiachwe peke yake, dawa za shambani na za panya ziondolewe nyumbani, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali. Mdogo wenu wa kidato cha pili asiachiwe mzigo huo. Hili ndilo pekee katika barua yako ambalo nakuomba usilisubirishe.

Sasa tuje kwenye orodha ya dalili tisa.

Unachokipitia hakikuanza na wewe. Wanafunzi wa udaktari wanajulikana tangu zamani kwa kujigundulia kila ugonjwa wanaofundishwa wiki hiyo, na wanaosoma saikolojia hupita njia hiyohiyo. Somo lako lenyewe lina maelezo yake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake "binafsi" na kuwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yanavyowaelezea kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha nyota kinachouzwa barabarani. Walikuwa vijana wenye akili kama wewe, ila waliulizwa kama maneno yanawafaa, nao wakatafuta mpaka wakaona yanafaa. Ukikaa na orodha mkononi ukamwangalia mtu likizo nzima, ni nadra utoke mikono mitupu.

Haina maana kwamba orodha ni ya uongo. Ina masharti tu, na masharti hayo huwa hayakai vizuri kichwani mwa mtu anayeandika haraka darasani. Kati ya hizo tano, moja lazima iwe huzuni yenyewe au kukosa hamu. Ziwepo karibu siku nzima, karibu kila siku, ziwe zinamharibia mtu maisha, na zisiwe zinaletwa na ugonjwa wa mwili au dawa anayotumia. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nikuulize: mara ya mwisho baba yako kupimwa ni lini? Sukari, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kumfanya mtu achoke, akose hamu au azubae.

Halafu kuna lile la saa tisa usiku. Umesikia mlango wa uani, ukasikia ufagio, daftari lako likaandika kukosa usingizi. Mwanangu, choo cha nyumbani kwenu kiko wapi? Wanaume wengi wenye umri wa baba yako husumbuliwa na kuvimba kwa tezi dume, wanaamka usiku mara kadhaa kwenda kukojoa, na usingizi ukishakatika haurudi. Mtu akiamka namna hiyo kila usiku, mchana atakuwa mkimya na gazeti litamshinda. Sisemi ndicho alicho nacho. Nasema ni jambo ambalo mwalimu mstaafu hatamwambia binti yake wa miaka 22 hata amchunguze mwaka mzima, lakini anaweza kumwambia mwanawe wa kiume wakiwa wawili.

Usije ukadhani nakuvunja moyo. Kaka yako anasema huna ujuzi, na kwa upande wa kutaja ugonjwa ana hoja. Lakini kuna ujuzi mwingine ulio nao ambao daktari hana. Unajua kwamba mzee huyu alikuwa analipa gazeti alama kwa kalamu nyekundu, na sasa magazeti yako juu ya kabati hayajafunguliwa. (Nami nimejiuliza: bado anayanunua, na anayapanga.) Mhudumu wa afya akisikia hilo ataelewa zaidi kuliko akiambiwa "amekosa hamu". Uliyoyaona yaseme kama ulivyoyaona. Jina wacha litoke kwa atakayemkalisha chini, ampime na amsikilize mwenyewe.

Umeniandikia pia kwamba hajalia, na nimehisi katika daftari hilo nalo umelihesabu. Nani alisema asiyelia ni mgonjwa? Mtafiti wa Marekani, George Bonanno, ambaye amewafuatilia watu waliofiwa kwa miaka mingi, alikuta kwamba wengi huendelea na maisha bila kile kilio kikubwa tunachokisubiri, na hawaugui baadaye kwa sababu hiyo. Hata wakubwa wa fani hii wamebishana kuhusu msiba. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani ulikuwa unaagiza mtu aliyefiwa karibuni asiharakishwe kuitwa mwenye sonona. Toleo la mwaka 2013 likaliondoa sharti hilo, na wengi wakalipinga, wakisema huzuni ya kawaida sasa itageuzwa ugonjwa. Nao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua majonzi makali yanayopita miezi sita na kumzuia mtu kuishi, lakini unataka pia yapimwe kwa desturi za jamii ya huyo mtu. Basi jiulize: katika ukoo wenu, mwanaume wa rika la baba yako aliyefiwa na mke hutarajiwa aweje? Analilia wapi? Pengine kufagia uwanja ambao huenda mama ndiye aliyekuwa akiufagia ni kitu kingine kabisa.

Hapo ndipo ningependa uanze kulihoji somo lako, kwa upendo uleule ulio nao. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani akakuta asilimia 96 ya watu waliofanyiwa utafiti walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Labda mmeshasoma, au mtasoma, lile jaribio la mtoto kuachwa na peremende na kuahidiwa ya pili akisubiri. Lilifanywa tena na watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso wa Cameroon, wakiwekewa andazi la kwao, na wenzao wa Ujerumani. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri, Wajerumani hawakufika hata 30. Watoto wa wakulima! Utakapokuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia utakuwa na darasa la watoto wa hapa. Wewe ni mmoja wa watakaotakiwa kuona ni wapi nadharia inawatosha na ni wapi inawabana.

Sasa kazi ya alama 20. Nimeisoma mara mbili namna ulivyoieleza: mtu unayemfahamu, tabia yake, nadharia mbili. Ugonjwa hauko kwenye swali. Umeuweka wewe, kwa sababu ndio uliojaa kichwani.

Rafiki yako anasema badilisha jina. Fikiri kwanza. Mwalimu mstaafu, mjane, ana mtoto Mwanza na binti chuoni: mwanafunzi mwenzako wa kutoka wilaya yenu akiisikia kazi hiyo ikisomwa darasani, jina litamsaidia nini mzee? Na hata kama hakuna atakayejua, wewe utajua, na alishakuuliza unaandika nini. Nina uhakika mmefundishwa habari za yule mtoto anayeitwa "Albert mdogo", ambaye mwaka 1920 watafiti wa Marekani John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha kuogopa panya mweupe kwa kumgongea chuma nyuma ya kichwa, kisha akaondoka hospitalini kabla hawajamwondolea hofu hiyo. Kila mwanafunzi wa saikolojia duniani anayo habari yake, na yeye hakuulizwa. Kwa sababu ya majaribio kama yale leo watafiti hutakiwa kumwomba mtu ridhaa kwanza. Daftari lako si ukatili wa namna hiyo, wala sitaki ulione hivyo, maana uliliandika kwa kumpenda. Lakini swali la ridhaa linakuhusu.

Unaweza kumwomba. Ila jiandae kwa ugumu wake: baba anayetaka binti yake afaulu anaweza kukubali lolote, na ruhusa ya mtu asiyeweza kukukatalia ni ruhusa nusu. Unaweza kuchagua mtu mwingine kabisa, mtoto wa mwaka wa nne au wa tano kwa mfano, kwa idhini ya mzazi wake. Ummiminie maji kutoka bilauri nene kwenda bilauri nyembamba, umuulize yapi mengi, ueleze ulichokiona kwa Piaget na nadharia nyingine. Ni salama na alama utapata, ingawa moyo wako hautakuwemo sana. Unaweza pia kumfuata mhadhiri saa zake za ofisini, umuulize waziwazi kuhusu kuandika habari za mzazi. Wapo watakaofurahi umeuliza, wapo watakaokuambia andika chochote ulete.

Kuna na njia nyingine iliyonijia nilipokuwa nakusoma. Baba yako amefundisha kusoma na kuandika watoto wa darasa la kwanza kwa miongo kadhaa. Mtoto anayeogopa ubao alikuwa anamfanyaje? Anayeandika herufi zikitazama nyuma je? Alitumia zawadi, fimbo, nyimbo, au mtoto mmoja kumfundisha mwenzake? Hayo yote ni saikolojia ya kujifunza, na kitabu chako kina sura nzima juu yake. Ukimpigia simu ukamwambia, "Baba, nina kazi ya chuo kuhusu namna watoto wanavyojifunza, nataka niandike habari za ufundishaji wako," utakuwa unamwambia kweli, na atakuwa na nafasi ya kukubali, kukataa, au kukusahihisha. Hatari yake naiona: ukiitumia kama mtego wa kumsogeza kwenye mazungumzo ya ugonjwa, mwalimu wa miaka yote hiyo atakugundua kabla hujamaliza swali la pili. Kama ni kazi, iwe kazi. Wala usitegemee kwamba itamponya.

Kumwambia ana sonona, hilo lina njia zaidi ya moja. Ukilitamka neno lenyewe, huenda akashusha pumzi kwamba kuna mtu ameona, na huenda akafunga mlango. Ukimwambia uliyoyaona, "Baba, magazeti huyasomi, na nilikusikia usiku, nimekuwa na wasiwasi na wewe," unamwachia yeye achague neno. Mimi naelekea zaidi kwenye hilo la pili, lakini wewe ndiye unayejua baba yako hupokea vipi maneno, na kama ni afadhali simu au ana kwa ana.

Kaka yako mpigie tena. Safari hii usimpelekee jina la ugonjwa, mpelekee magazeti, sahani na baiskeli, kisha mwombe jambo dogo: akija nyumbani ampeleke mzee kupimwa afya kama mstaafu yeyote anavyopaswa kupimwa. Anaweza kukataa tena. Watoto wa kiume walio mbali wakati mwingine hukasirika kwa sababu wanaogopa kilekile unachokiogopa wewe. Na shangazi usimwone adui. Maombi hayamzuii mtu kwenda hospitali, na yeye ndiye aliye karibu, anaweza kupita jioni kuona kama ndugu yake amekula. La kuangalia ni pale atakapoambiwa aache dawa au vipimo kwa sababu anaombewa. Hapo ndipo mtalazimika kusimama.

Nimalizie na zile dalili tano zako, ulizozitaja kwa mstari mmoja. Ulikuwa na kama miaka 20 mama yako alipofariki. Umeingia chuo kikuu ukiwa na msiba huo, umelala chumba kimoja na watu wanaokuita Dokta, na umejipa kazi ya kumchunga baba ukiwa mbali. Sitakuambia una sonona wala huna, kwa sababu zilezile nilizokuambia kuhusu mzee. Lakini tano au mbili, kama hulali, huli, au masomo yameanza kukushinda, una haki ya kusikilizwa kama yeye. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi, uulizie mshauri nasaha wa chuo. Wengine hukuta foleni, wengine hukuta mtu wasiyeendana naye na kulazimika kuomba mwingine. Usikate tamaa kwa mara moja.

Na hao wenzako wa chumbani, jaribu hili wiki hii: mmoja akianza kusimulia, muulize, "Halafu ikawaje?" mpaka amalize mwenyewe. Wanaofanya kazi ya ushauri hufundishwa hilo kwa miaka, na hulisahau pia.

Niandikie tena ukishaongea na kaka yako, na uniambie mhadhiri amesema nini kuhusu mada. Akikulazimisha kuandika jambo la familia usilotaka kuliandika, tutaangalia pamoja namna ya kumjibu kwa adabu bila kupoteza hizo alama 20.